Mzee Anapokwenda Kituoni Kila Mara: Mwongozo wa Kuitambua Sonona na Kuitafutia Tiba, Unguja na Pemba

Katika nyumba nyingi za Unguja na Pemba yumo mzee ambaye kadi yake ya kliniki imejaa tarehe. Mwezi uliopita alikwenda kwa tumbo, wiki iliyopita kwa kizunguzungu, leo amekwenda kwa magoti, na kila anaporudi huja na vidonge vya maumivu ndani ya bahasha bila ya nafuu yoyote kuonekana. Watoto huanza kunong'onezana kwamba mzee anadeka, na mzee naye huanza kusema kwamba madaktari wa siku hizi hawajui kutibu. Baadhi ya wazee hao wana sonona, yaani maradhi ya huzuni nzito yanayomwondolea mtu raha, nguvu na hamu kwa wiki nyingi mfululizo, lakini maradhi hayo hayajatajwa na mtu, si nyumbani wala kituoni.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya watoto, wajukuu na jamaa wanaoishi na mzee wa miaka 60 na kuendelea. Shida ya mzee mwenye sonona mara nyingi si kwamba hataki kwenda kutibiwa, kwani anakwenda tayari, na pengine anakwenda kuliko watu wote wa nyumba ile. Shida ni kwamba anakwenda kwa ajili ya kiungo, anatibiwa kiungo, kisha anarudi na moyo ule ule. Kwa hiyo hatua zinazofuata zinahusu namna ya kuitumia safari hiyo anayoifanya ili maradhi yenyewe yapate kutajwa na kutibiwa.

Hatua ya 1: Andikeni safari zake za tiba

Kabla ya kuzungumza naye lolote, chukueni daftari na muandike safari zake za miezi sita iliyopita kwa kadiri mnavyokumbuka na kwa kadiri kadi zake zinavyoonesha: alikwenda lini, alikwenda wapi, alilalamikia nini, alipimwa nini na alipewa dawa gani. Ingizeni na maduka ya dawa, na waganga pia, kwa sababu hizo nazo ni safari za kutafuta tiba hata kama hazikuandikwa popote.

Mkimaliza, tazameni mambo mawili. La kwanza ni malalamiko yanayohama, leo kichwa, kesho mgongo, keshokutwa moyo kwenda mbio, huku vipimo vikirudi salama. La pili ni kinyume chake, nalo ndilo linalopita bila ya kuonwa: mzee ambaye alikuwa hakosi kliniki ya presha au ya sukari, sasa ameiacha, na vidonge vyake vimebaki vingi kuliko siku zilizopita. Sonona humfanya mtu aone kwamba dawa hazina faida, akaziacha taratibu bila ya kumwambia mtu, na presha au sukari iliyoachwa hivyo huweza kumfikisha kwenye kiharusi. Mzee anayelalamika kila siku angalau anasikika. Huyu aliyenyamaza ndiye wa kuanza naye.

Hatua ya 2: Muangalieni kwa wiki mbili

Sonona haipimwi kwa siku moja mbaya. Wahudumu wa afya huulizia wiki mbili zilizopita, na hutafuta kwanza moja kati ya mambo mawili: huzuni inayodumu sehemu kubwa ya siku karibu kila siku, au kupoteza hamu na yale ambayo mtu alikuwa akiyapenda. Juu ya hayo hutazama usingizi, hamu ya kula, uchovu, kuzubaa au kuhangaika, kushindwa kutuliza fikra, kujiona hana thamani au ana hatia, na fikra za kifo.

Kwa wazee picha hii huja na sura yake. Wengi hawasemi kwamba wana huzuni. Watasema “viungo vyaniuma”, “usingizi sipati”, “mwili hauna nguvu”, au “nimechoka tu”. Kwa hiyo tazameni matendo kuliko maneno. Je, babu aliyekuwa hakosi baraza ya kahawa baada ya sala ya alasiri, sasa anasema kelele za pale zinamchosha? Je, bibi aliyekuwa akisuka ukili kila mchana ameuacha ukauke kwenye pakacha? Je, anaamka saa tisa za usiku na kubaki macho hadi alfajiri? Nguo zimemlegea? Hana hamu hata ya mjukuu aliyekuja kutoka Dar es Salaam?

Tofautisheni pia hali tatu zinazofanana na sonona. Msiba huleta huzuni, lakini kwa kawaida huzuni ya msiba huja kwa mawimbi, na katikati yake mtu huweza kula, kucheka kidogo na kumkumbuka marehemu kwa mapenzi. Ikiwa miezi imepita na mtu bado hali, halali na anajiona hafai kuishi, hapo pana jambo zaidi ya msiba. Maradhi ya kusahau nayo huingia polepole kwa miaka, na mara nyingi mwenyewe huficha au hajui kwamba anasahau, ilhali mwenye sonona hulalamika mwenyewe kwamba akili yake imekwisha. Hali ya tatu ni kuchanganyikiwa kwa ghafla, ndani ya saa au siku chache, ambako mzee anaweweseka, hajui mahali alipo au anaona visivyokuwepo. Hiyo si sonona na si ya kungojea wiki mbili, kwani mara nyingi ni dalili ya maambukizi, upungufu wa maji, sukari iliyoshuka au dawa iliyomdhuru, na apelekwe hospitali siku ile ile.

Wajane walio katika eda wanastahili neno la peke yake. Kwa kuwa hukaa ndani miezi minne na siku kumi, dalili zao huchukuliwa kuwa ndiyo eda yenyewe. Kukaa eda hakumzuii mwanamke kutoka kwa haja ya matibabu, na familia isingoje siku zimalizike ikiwa anakonda na halali.

Hatua ya 3: Zungumzeni naye, na mchague nani wa kuzungumza

Heshima iliyopo baina ya mzazi na mtoto mara nyingi ndiyo inayofunga mazungumzo haya. Baba hatamwambia mwanawe wa kiume kwamba analia usiku, wala mtoto hatothubutu kuuliza. Mjukuu, kwa ule utani alionao na babu na bibi yake, huweza kuuliza jambo zito akiwa anamkanda miguu, na akajibiwa. Rafiki wa rika lake, au ndugu wa karibu waliyelelewa pamoja, naye ana mlango ambao watoto hawana.

Msianze kwa kutaja maradhi ya akili, kwa sababu wazee wengi hulisikia hilo kuwa ni kuitwa mwendawazimu. Anzeni na anachokisema mwenyewe. “Bibi, hayo maumivu ya viungo yakikushika usiku, moyo nao unakuwaje?” Au, “Babu, zamani ulikuwa ukipenda kwenda kondeni asubuhi. Siku hizi kimekukataza nini, miguu au hamu?” Kisha nyamazeni, muache ajibu kwa mwendo wake. Maneno kama “jikaze”, “mshukuru Mungu, wapo walio na hali mbaya zaidi” au “una mawazo tu” huufunga mlango, hata yakisemwa kwa mapenzi.

Swali gumu zaidi ni la kifo, na familia nyingi hulikimbia kwa kuogopa kwamba kuuliza kutamtia mtu fikra hiyo. Haiwi hivyo, kuuliza kwa upole hakumpandikizii mtu nia ya kujiua, na wengi hupata faraja kwamba hatimaye wameulizwa. Ulizeni wazi: “Imewahi kukujia fikra kwamba ni afadhali usingekuwepo?” Akikubali, ulizeni, “Umefikiria kujifanya jambo lolote?” Hapa panataka uangalifu, kwa sababu mzee mcha Mungu huweza kusema “namngoja Mola wangu tu” kwa utulivu kamili, na hilo si ugonjwa. Anayengoja kwa utulivu bado anakula, bado anauliza habari za watoto, bado anakasirika chai ikiwa haina sukari. Anayesema maneno hayo hayo huku amekataa chakula au dawa, anagawa vitu vyake, au anarudiarudia kwamba yeye ni mzigo kwa watu, huyo anazungumza jambo jengine.

Ikiwa amesema kwamba amefikiria kujidhuru, asiachwe peke yake, na apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Dawa za kuulia wadudu wa shambani, dawa ya panya na akiba yote ya vidonge vya nyumba viondolewe na vifungiwe. Kukataa kabisa kula na kunywa nako ni dharura, hata kama hakusema neno lolote kuhusu kifo.

Hatua ya 4: Itayarisheni safari moja nzuri

Huduma za hospitali na vituo vya Serikali Zanzibar zimejengwa tangu baada ya Mapinduzi ya 1964 juu ya sera ya matibabu bila ya malipo, lakini kila anayemuuguza mzee anajua kwamba safari ina gharama zake: nauli ya daladala, siku ya kazi ya anayemsindikiza, na dawa au kipimo ambacho pengine kitatafutwa nje. Kwa wakaazi wa visiwa vidogo kama Makoongwe, Fundo au Tumbatu, kuna pia chombo cha kuvukia na hali ya bahari. Kwa sababu hiyo ni bora kuitumia siku ya kliniki ya presha au sukari ambayo mzee ameizoea na haoni haya kuonekana akiiendea, kuliko kumtengea siku ya peke yake ambayo jirani watauliza.

Siku moja kabla, wekeni ndani ya mfuko mmoja dawa zake zote: za hospitali, za dukani, alizopewa na jirani, mitishamba, na hata chupa ya kombe, yaani maji yaliyooshewa maandishi ya aya za Kurani. Chukueni lile daftari. Andikeni juu ya ukurasa mmoja mambo matatu tu: kilichobadilika, tangu lini, na kinachowatia hofu zaidi. Kama ana miwani, aivae. Kama hasikii vizuri, mwambieni mhudumu mwanzo kabisa, kwani mzee asiyesikia hujibu “ndiyo” kwa kila swali ili yaishe.

Anayemsindikiza awe ndiye anayejua usingizi wake na chakula chake. Mara nyingi ni binti au mke wa mtoto, lakini anayepelekwa ni mtoto wa kiume mwenye gari, ambaye akiulizwa mzee amekula nini jana hana jibu.

Hatua ya 5: Ndani ya chumba cha daktari

Foleni ni ndefu na muda ni mchache, kwa hiyo jambo kubwa lisemwe kwanza. Mkianza na goti, mtatoka na dawa ya goti. Semeni kwa mfano: “Tumekuja kwa presha, lakini kwa wiki tano sasa hali chakula vizuri, haamki kitandani na hana hamu na jambo lolote, na maumivu yake hayapati nafuu kwa dawa. Tunaomba aangaliwe kama ana sonona.” Baada ya hapo mpeni mzee nafasi ajibu mwenyewe, na ombeni azungumze peke yake na mhudumu kwa dakika chache, kwa sababu yako mambo, yakiwemo ya namna anavyotendewa nyumbani, ambayo hayasemi mbele ya watoto.

Mhudumu anaweza kumuuliza maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita, kila swali likipewa alama kuanzia 0 hadi 3. Jumla ya alama 10 au zaidi kati ya 27 huonesha kwamba panahitajika uchunguzi wa karibu. Yapo pia maswali 15 ya ndiyo na siyo yaliyotungwa mahsusi kwa wazee. Maswali haya peke yake hayatoshi kuthibitisha maradhi, ila hufungua njia.

Ombeni pia zitafutwe sababu za mwilini. Upungufu wa damu, sukari isiyodhibitiwa na tezi ya shingo inayofanya kazi kwa ulegevu huleta uchovu na uzito wa moyo unaofanana mno na sonona. Dawa nazo zina sehemu yake: prednisoloni huweza kuvuruga hali ya moyo, na metfomini ya sukari ikitumiwa kwa miaka mingi huweza kupunguza vitamini B12 mwilini. Aliyepata kiharusi aangaliwe kwa makini zaidi, kwani takriban mtu 1 kati ya 3 waliopata kiharusi hupata sonona baadaye, na familia hudhani kwamba ukimya wake unatokana na kupooza tu.

Kituo cha afya kikiona hakiwezi, kitaandika rufaa kwenda hospitali kubwa: kwa Pemba hospitali ya Wete, Chake Chake au Abdalla Mzee ya Mkoani, na kwa Unguja Mnazi Mmoja au Kidongo Chekundu, ambayo ndiyo hospitali ya maradhi ya akili. Jina la Kidongo Chekundu huwatisha wengi kwa sababu ya yanayosemwa mitaani, na wapo wanaoificha karatasi ya rufaa kwa haya. Wazee wengi wenye sonona hawahitaji kulazwa. Huonwa, huandikiwa dawa au kupangiwa mazungumzo ya ushauri, na hurudi nyumbani siku ile ile.

Hatua ya 6: Dawa, na subira yake

Si kila mwenye sonona anahitaji vidonge. Sonona nyepesi huweza kutulia kwa ushauri na kwa mabadiliko ya maisha ya kila siku. Ile ya kati na iliyo nzito mara nyingi hutibiwa kwa dawa pia, na katika nchi yetu zinazotumika sana ni fluoksetini na amitriptilini.

Jambo ambalo linawavunja moyo wagonjwa ni kwamba dawa hizi hazifanyi kazi kama dawa ya homa. Nafuu huanza kuonekana baada ya wiki mbili hadi nne, na kwa wazee huweza kuchelewa zaidi, ilhali maudhi madogo kama kichefuchefu au kinywa kukauka huja siku za mwanzo. Mtu akitazama wiki ya kwanza peke yake ataona amepata hasara tupu, na hapo ndipo wengi huacha. Mwambieni mzee mapema kwamba itakuwa hivyo. Baada ya kupona, dawa huendelea kwa miezi, kwa kawaida tisa hadi kumi na mbili, na huachwa kwa kupunguzwa kidogo kidogo kwa amri ya daktari.

Kwa mzee daktari huanza na kipimo kidogo. Amitriptilini huleta usingizi na huweza kumwangusha anapoamka usiku kwenda chooni. Humpa shida ya kukojoa mwanamume mwenye tezi dume iliyovimba, na haifai kwa baadhi ya wenye maradhi ya moyo, kwa hiyo mambo hayo yatajwe kabla. Fluoksetini ikichanganywa na aspirini, ibuprofeni au diklofenaki huongeza uwezekano wa kutokwa na damu tumboni, na vidonge vya maumivu ndivyo hasa vilivyojaa mfukoni mwa wazee hawa. Akitapika damu, akipata choo cheusi kama lami, au akichanganyikiwa ghafla baada ya kuanza dawa, arudishwe hospitali mara moja.

Msimnunulie diazepamu dukani ili alale. Itamlaza, lakini itamzoeza, itamlegeza miguu na kumtia mzubao, na nyonga iliyovunjika katika umri huo ni msiba mwengine.

Ramadhani isiwe sababu ya kuacha tiba. Dawa inayomezwa mara moja kwa siku huweza kuhamishiwa futari au daku kwa kushauriana na daktari, na mgonjwa ambaye funga inamdhuru ana ruhusa ya kula katika dini.

Hatua ya 7: Siku ya mzee iwe na kazi ndani yake

Watoto wema hufanya kosa moja linalofanana kila mahali: wanampokonya mzee kazi zote kwa kumhurumia. Anaambiwa akae, apumzike, kila kitu kitaletwa. Aliyekuwa akiamua mambo ya nyumba nzima anabaki anatazama ukuta, na moyo unazidi kuzama. Mrudishieni sehemu ya kazi kwa kadiri ya nguvu zake, kwa saa inayojulikana, hata kama hana hamu, kwa sababu kwa mwenye sonona hamu hufuata kitendo na haimtangulii. Wakati wa karafuu anaweza kukaa akachambua pamoja na wengine. Bibi aletewe ukili uliokwisha tiwa rangi aanze na upana wa vidole vichache tu. Atembee hadi msikitini au hadi kwa jirani, asubuhi, akishikwa mkono ikibidi.

Fedha nazo zimo katika tiba. Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilianzisha Pensheni Jamii mwezi wa Aprili 2016 kwa wazee wa miaka 70 na kuendelea, ikianza na shilingi 20,000 kwa mwezi, ambazo baadaye zilipandishwa hadi 50,000. Ikiwa mzee wenu amefikia umri huo na hajaandikishwa, anzieni kwa sheha. Na akizipata, zibaki mikononi mwake. Fedha hiyo ndiyo nauli yake ya kliniki, na ndiyo inayompa uso wa kumnunulia mjukuu peremende. Mtoto anayeichukua “kumuwekea” amemuondolea yote mawili.

Kuhusu kisomo, hakuna haja ya kumlazimisha mzee achague baina yake na hospitali. Kusomewa Kurani, kutembelewa na kuombewa dua humpa utulivu na humtoa katika upweke. Wekeni masharti machache kwa anayesoma: asimwambie aache vidonge, asimnyweshe kitu ambacho daktari hakijui, asimfungishe wala kumnyima chakula, na asimpige wala kumfunga kamba kwa hoja yoyote ya shetani. Masheikh wengi wanakubali masharti hayo bila ya ubishi, na anayeyakataa msimrejee.

Hatua ya 8: Kurudi kliniki

Ziara ya pili ndiyo inayopotea zaidi, kwa sababu mzee amepata nafuu kidogo au kwa sababu hajapata yoyote. Andikeni tarehe yake ukutani na mpangane tangu siku ya kwanza nani ataomba ruhusa kazini. Kila wiki, jazeni daftari mistari michache: amelala vipi, amekula vipi, ametoka nje mara ngapi. Daktari akiuliza “anaendeleaje”, jibu litoke humo, maana mzee mwenyewe atasema “alhamdulillah” hata kama hakulala siku nne.

Ikiwa wiki sita zimepita kwa dawa iliyomezwa sawasawa na hakuna lililobadilika, ombeni dawa iangaliwe upya au apewe rufaa. Ikiwa amepona, daftari lisitupwe. Sonona huweza kurudi, hasa baada ya msiba, kuhamishwa nyumba au kulazwa kwa maradhi mengine, na mara nyingi hurudi kwa dalili zile zile ilizokuja nazo mwanzo, ambazo kila nyumba itakuwa nazo zimeandikwa kwenye ukurasa wake wa kwanza.